Vyuma Vimetoka, Magongo Siyatupi

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa kitandani, mguu wa kulia nimeuinua juu ya mito, na sitaki ufiche jina langu kama unavyowafichia wengine, kwa sababu kanisa zima linajua kilichotokea na plot yetu nzima ya vyumba vya kupanga hapa Lindi, Kibera, inajua, kwa hivyo hata ukiandika kwamba ni msomaji asiyetaka kutajwa watu watacheka tu. Naitwa Ndinda, ni fundi wa nguo, nina kibanda Riruta Satellite ambako nashona sare za shule na mapazia, na naomba unisaidie kwa jambo ambalo nimeshaliamua lakini bado haliniachi nikatulia.

Nianzie mbali kidogo ndio unielewe. Mwaka juzi nilikuwa Kawangware natoka kununua uzi, natembea zangu kando, pikipiki ikaacha barabara ikanifuata hapo hapo kando ikanivunja mguu chini ya goti. Hospitali walinifanyia operesheni wakaunganisha mfupa kwa bamba la chuma na skrubu, na kwa muda mrefu sikuweza hata kujipeleka choo. Hapa lazima nimtaje mume wangu Muema, maana nisipomtaja utadhani ni mtu mbaya. Muema ni fundi wa mjengo, mtu wa Kitui kama mimi, na wakati huo alikuwa ananibeba mgongoni kila asubuhi kabla hajaenda kazini, ananipitisha kwenye ujia wa plot mpaka choo kule mwisho, ananingoja mlangoni, kisha ananirudisha. Wanaume wa plot walimcheka wakamwita ambulensi, naye akawajibu kwamba wake zao wangependa sana kuwa na ambulensi. Huyo ndiye mwanamume aliyenioa, na ni huyo huyo aliyenifanyia haya nitakayokueleza.

Mfupa ulishika, nikarudi kazini, lakini chuma hakikuniacha kwa amani. Baridi ya mwezi wa saba ikiingia nilikuwa naisikia ndani ya mguu kabla ya kuisikia kwenye mikono, na skrubu moja ikaanza kusukuma ngozi, ukipapasa unaigusa kama kifungo kilichoshonewa upande usiofaa. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na kila nikikanyaga skrubu hiyo inasugua, mpaka nikawa nashona nikilia na wateja wanadhani nimefiwa. Daktari Nderitu, ambaye ndiye amekuwa akiniangalia tangu mwanzo, akanipiga eksirei akasema mfupa umeungana vizuri na vyuma vinaweza kutolewa, tukapanga siku.

Sasa kanisa linaingia hapa. Tunasali kwenye kanisa dogo la mabati huko Kawangware, kwa Mchungaji Mutinda, na Muema alikuwa ametoka tu kufanywa mzee wa kanisa, jambo ambalo lilimfurahisha kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akifurahia, alikuwa anapiga pasi shati lake la Jumapili tangu Ijumaa. Kwa furaha hiyo akamweleza mchungaji kuhusu operesheni yangu, siku yake na kila kitu. Jumapili iliyofuata mchungaji akasimama akasema ameonyeshwa mama mwenye chuma mguuni, na kwamba chuma hicho kitatoka kabla mwezi haujaisha. Watu wakapiga makofi. Nilimwangalia Muema, akaangalia chini. Nilipomuuliza nyumbani akasema mchungaji anaongea kwa imani tu, nisitafute makosa, nami nikaliacha kwa sababu nilikuwa nafikiria kisu cha daktari.

Nikapasuliwa, na ikaenda vizuri. Siku ya kuruhusiwa Muema alikuwa kazini, kwa hivyo maneno ya daktari niliyasikia mimi na jirani yangu Celine aliyekuja kunichukua. Daktari alinionyesha picha akaniambia, "Ndinda, usidhani ukitolewa chuma umepona siku hiyo. Kila palipokuwa na skrubu sasa pana tundu, na mfupa wenye matundu unavunjika kwa urahisi. Tembea na magongo mpaka mimi nikuambie uyaache." Akanipa tarehe ya kurudi kliniki. Akanipa pia vyuma vyenyewe, vimeoshwa, kwenye mfuko mdogo, maana nilikuwa nimeviomba, nilitaka kukiona kitu kilichokuwa kinaishi ndani yangu.

Nilimweleza Muema kila neno. Akasikiliza, akasema sawa. Lakini vile vyuma aliviomba ampelekee mchungaji avione, na aliporudi hakurudi navyo.

Mchungaji akatuma ujumbe kwamba nije nitoe ushuhuda. Nilikubali kwa moyo safi kabisa, maana nilikuwa na mengi ya kumshukuru Mungu, nikavaa gauni la kitenge nililojishonea, tukaenda. Nilipoitwa mbele nikaenda polepole na magongo. Mchungaji akainua vile vyuma vyangu juu akawaambia watu kwamba hivi ndivyo vyuma vilivyong'olewa na maombi, na kwamba madaktari walipofungua mguu walikuta skrubu zimeshalegea zenyewe. Hakuna daktari aliyesema hivyo. Kabla sijapata la kusema akatangaza kwamba magongo haya leo hayarudi nyumbani, yatabaki hapa madhabahuni. Kinanda kikapanda. Mzee mmoja akachukua gongo la kushoto. La kulia likachukuliwa na Muema, kwa mkono wake mwenyewe, na aliponikaribia akaninong'oneza, "Kanyaga tu, Ndinda. Kidogo tu, halafu tunaenda nyumbani."

Mshauri, nilisimama kwa mguu mmoja mbele ya watu wote nimeshika mimbari, wanapiga makofi wananingoja. Nilijua nikikanyaga watafurahi, na nikivunjika watasema imani yangu ilikuwa ndogo. Basi nikakaa chini. Nilijishusha taratibu nikakaa kwenye zulia la madhabahu, nikanyoosha mguu, nikamwomba mchungaji maiki, naye akanipa akidhani nimeshukiwa na Roho. Nikasema, "Mimi nimepasuliwa na daktari, na namshukuru Mungu kwa ajili ya huyo daktari. Amesema nisikanyage bila magongo. Naomba mnirudishie magongo yangu."

Kinanda kikanyamaza. Muema alikuwa amesimama karibu nami kiasi kwamba angenyoosha mkono tu ningelipokea lile gongo, na hakunyoosha, alikuwa anamwangalia mchungaji. Mwishowe ni mama mmoja wa kwaya aliyeshuka kutoka kwenye viti vyao, akalichukua gongo mkononi mwa Muema, akachukua na lile lingine, akanisaidia kuinuka, nikatoka nje mbele ya macho yao wote. Vyuma vyangu vilibaki huko.

Nyumbani Muema aliniambia nimemvua nguo hadharani. Nikamwambia na yeye alitaka nivunjike hadharani. Akaweka nguo zake kwenye begi akaenda kwa ndugu yake Kevin huko Kawangware, na yuko huko mpaka leo. Mchungaji amemsimamisha uzee wa kanisa hadi mimi nirudi, nipige magoti wakati wa ibada, niombe msamaha kwa kuliaibisha kanisa. Muema naye ujumbe wake kwangu ni huo huo kila mara, kwamba niombe tu msamaha yaishe. Hata mama yangu amepiga simu kutoka Kitui akisema mwanamke mwenye akili hupiga magoti kidogo akaokoa nyumba yake. Nikamwambia mama kwamba daktari amenikataza hata kupiga magoti. Hakucheka.

Siombi msamaha. Hilo nakuambia mapema usije ukapoteza wino kunishawishi. Na wasidhani nitalala njaa bila yeye. Nimesharudi kazini, na gongo moja nimeliacha nyumbani natembea na lingine, na kuna siku nikiwa ndani ya plot natembea bila lolote ili wale majirani waliokuwa wanasema nitarudishwa kwetu Kitui kwa basi wanione vizuri. Celine alikuwa ananitekea maji, nikamwambia aache, sasa najitekea mwenyewe na mtungi naubeba mwenyewe, na cherehani naikanyaga kwa miguu miwili kama zamani. Ni kweli mguu unavimba jioni, na kuna maumivu mapya hapa chini karibu na kovu, yanachoma hata nikiwa nimekaa, lakini maumivu nimeyazoea, hayanitishi. Kliniki sikuenda tarehe ilipofika, kwa sababu pale kwenye benchi wanawake wengi huja na waume zao na sikutaka kuulizwa wangu yuko wapi.

Ninachokuuliza ni hiki. Nampenda Muema. Asubuhi nikisikia viatu vya mtu kwenye ujia bado nadhani ni yeye amekuja kunibeba. Je, mtu anaweza kukataa kuomba msamaha na bado akabaki na mume wake, au ni lazima nichague kimoja?

Wako,
Ndinda, Lindi, Kibera.

Mshauri Amondi anajibu:

Ndinda,

Usiombe msamaha. Usiombe kwa magoti, usiombe kwa ujumbe wa simu, na usimruhusu mama yako akuombee kwa niaba yako. Uliambiwa uuweke mguu wako hatarini ili watu wapige makofi, ukakataa, na ukakataa kwa adabu kuliko ambavyo mimi ningeweza. Hukumtukana mchungaji na hukumkana Mungu. Ulisema ukweli, ukaomba vitu vyako, ukatoka. Mchungaji aliambiwa na mume wako tarehe ya operesheni kisha akaitangaza kama maono. Hilo ni lake kulijibu, na kama kanisa limepata aibu, ajiulize ilianzia wapi.

Kukusifu nimemaliza. Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu nina hasira na wewe.

Barua yako niliisoma nikitabasamu mpaka nilipofika kwenye mtungi wa maji. Yaani ulikaa kwenye zulia mbele ya umati kwa sababu daktari amekukataza kukanyaga, halafu ukaenda nyumbani ukakanyaga, tena na mtungi wa maji juu yake. Mchungaji alitaka uyaache magongo ili watu wake waone muujiza, na wewe umeyaacha ili majirani waone humhitaji mume. Mfupa hautofautishi. Kwake ni uzito ule ule juu ya matundu yale yale. Na maumivu yanayochoma ukiwa umekaa hayazoeleki, dada yangu, hayo ni mwili unakuita. Umekuwa mkali kwa kila mtu aliyetaka kukuumiza isipokuwa wewe mwenyewe.

Ndiyo maana sikungoja barua hii ichapishwe. Nilikupigia kwa ile nambari uliyoiacha chini ya barua, nikakuuliza kama kovu lina joto, kama linatoa usaha, kama umepata homa, ukasema hapana, nikakuambia hata hivyo asubuhi uwe hospitali. Ulininunia. Ukaniambia umeniandikia kuhusu mume, hukuniandikia kuhusu mguu. Nikakujibu kwamba mume anaweza kungoja, mguu hauwezi, na ukinikatia simu nitapiga tena. Ukakata. Nikapiga tena.

Ulienda, Celine akiwa nawe, na umeniruhusu niwaambie wasomaji kilichoonekana. Picha ilionyesha ufa mwembamba kwenye tundu la chini kabisa. Umefungwa plasta, hukuhitaji kupasuliwa, lakini daktari alikuambia wazi kwamba ungeendelea na ile mitungi ungerudi mezani kutiwa chuma kingine. Umeniambia ulilia njia nzima kurudi Lindi, na kwamba ulilia kwa hasira. Sawa, lia. Ila hasira hiyo usiipeleke tena kwenye mguu.

Jambo la pili lililotokea siku hiyo hukulitarajia. Celine alimpigia Muema bila kukuuliza, na Muema akaja kutoka mjengoni akiwa na saruji kwenye viatu, akasimama mlangoni mwa daktari bila kujua kama aingie. Daktari akamwita, akamwonyesha picha, akamweleza yale yale ambayo wewe ulimweleza siku ya kwanza na hayakumwingia. Unasema aliitazama ile picha, kisha akauliza ingekuwaje kama ungekanyaga siku ile kanisani. Daktari akamjibu kwamba matundu yalikuwa mabichi kabisa, ungeweza kuvunjika pale pale. Muema akatoka nje, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akakuambia, "Lile gongo nilikuwa nimelishika mimi, Ndinda. Mimi ndiye nilikuwa nimelishika." Sasa anataka kurudi nyumbani, na umeniuliza umfungulie mlango au usifungue.

Nakujibu hivi. Uliniuliza kama ni lazima uchague, na mimi nasema wa kuchagua ni Muema. Wewe ulishachagua ukiwa umekaa pale chini, na ulichagua vizuri. Yeye siku ile alikuwa na macho mawili, yote akayaelekeza kwa mchungaji. Akitaka kurudi kwako, aende kwanza kwa huyo mchungaji, mwenyewe, mchana, amwambie kwamba mke wake hatapiga magoti, na kwamba zile habari za skrubu kulegea zenyewe hazikuwa kweli. Aseme kwa kinywa chake. Na vyuma vyako avichukue, ni vyako, vilitoka mwilini mwako. Uzee wa kanisa ukimponyoka kwa kufanya hivyo, basi ulikuwa uzee wa kumnyang'anya mkewe magongo, na sioni hasara.

Kisha akae mbele yako akuombe msamaha. Alichokisema hospitali kimenigusa hata mimi, lakini kusema ulichofanya ni mwanzo tu, na kuomba msamaha kuna maneno yake, naye anayajua, maana amekuwa akikudai wewe uyaseme. Usimsaidie kuyamaliza. Anaweza kuja na kukubeba mgongoni mpaka choo kama zamani, na najua moyo wako utalainika, hata mimi ninayeandika haya moyo umenilainika kwa habari za huyo ambulensi. Mwache akubebe ukitaka. Lakini kubebwa kusichukue nafasi ya msamaha. Alikubeba kwa upendo wakati ule, na upendo huo uko palepale, ila hauwezi kulipia alichokufanyia madhabahuni.

Kwa mama yako, mpigie wewe. Usibishane naye kuhusu magoti. Mweleze ufa uko wapi na ulipatikana vipi, mweleze na lile la mtungi, akukaripie kidogo, anastahili. Wazazi wetu wengi wanatuambia tuokoe nyumba kwa sababu hakuna aliyewaambia nyumba hiyo huwafanya nini wale wanaoiokoa.

Sasa ya kwako wewe. Magongo ni mawili, utembee na yote mawili, ndani ya plot na nje. Maji atateka Celine, na utamwomba radhi kwa kumfukuza alipokuwa anakusaidia. Hii ndiyo radhi pekee unayodaiwa katika habari hii yote. Kibandani Satellite utafanya kazi ya mikono, kupima, kukata, kutia vifungo, na cherehani atakanyaga fundi mwingine mgawane kazi, au ingoje. Jioni ukilala mguu uinuliwe kupita usawa wa moyo. Ukisikia joto kwenye kovu, au homa, au vidole vikipoteza hisia ndani ya plasta, usiniandikie barua, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na majirani wakikutazama ukipita, wape salamu upite. Usiku mguu ukiuma, wao hawalali nao.

Kliniki ni Jumanne. Mwambie Muema saa ya kuondoka. Akija, aje awe nawe kwenye benchi, asikie tena kwa masikio yake. Asipokuja, nenda.